Maganda Yaoze Kwanza, Ndipo Yaingie Chunguni

Ndugu zangu, tuanze na kosa lililozoeleka: kufukia ganda bichi la ndizi kwenye chungu cha maua. Ganda hilo haliulishi mmea. Wanaolila kwanza ni bakteria na kuvu, nao huchota hewa na naitrojeni humohumo chunguni. Majani yakigeuka manjano, mwenye mmea anadhani ni kiu, anaongeza maji, mizizi inaoza.

Basi ozesheni nje ya chungu, maganda yawe mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza. Chukueni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, mtoboe matundu kama 15 ya upana wa penseli, chini na ubavuni, kisha muiweke juu ya matofali ichuruzike. Tandazeni majani makavu chini. Kila bakuli la maganda lifunikwe kwa mabakuli mawili au matatu ya vitu vikavu: majani ya mwembe, maboksi yaliyochanwa, maranda ya mbao zisizotiwa dawa. Hapa kwenye vikavu ndipo watu wanapofanya uvivu, halafu wanailaumu ndoo kwa kunuka.

Geuzeni kila siku tano. Finyeni konzi moja: litoke tone au mawili. Yakitiririka maji, au ikinuka kama mkojo, ongezeni vikavu. Wiki tatu zikipita bila mabadiliko, ni kavu mno, nyunyizeni maji.

Machicha ya nazi yana mafuta. Yakimwagwa rundo yanachacha, na panya hawahitaji mwaliko mwingine. Tieni konzi moja kwa mara, katikati, mchanganye. Wali na mchuzi, hapana. Chumvi yake hubaki udongoni. Maganda ya mayai yakaushwe na kutwangwa yawe unga, la sivyo mtayakuta mwakani vilevile. Majivu ya mkaa ni kijiko kimoja kwa wiki, na wenye udongo wa mawe ya matumbawe wayaache kabisa: chokaa wanayo tayari.

Kwa joto la Pwani, ndoo iliyojaa huiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Ijaribuni kwa mbegu 10 za mchicha kwenye kopo la mboji hiyo. Zikichipua chache, au miche ikiunguaungua, ngojeni mwezi mwingine. Ikiiva, changanyeni kopo moja la mboji na matatu ya udongo. Mmea usiohamishwa chungu, tandazeni sentimita 2 juu, bila kugusa shina.