Mpingo Mweusi, Kitambaa Cheupe

Mtwara kuchele! Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa ukili na vyungu, ndugu zangu wachongaji, ahsanteni kwa kuacha kazi mkaja hapa Mikindani asubuhi hii.

Muda si mrefu tutapakia mizigo kwenda viwanja vya Ngongo, Lindi, kwenye maonyesho ya Nanenane. Ni mwendo mrefu. Kuna nauli, kuna mzigo, kuna kulala ugenini. Baada ya gharama zote hizo, inauma mtu kurudi na vinyago vyake kwa sababu watu hawakuviona. Nasema hawakuviona, sisemi hawakuvipenda.

Mwaka wa kwanza nilipopeleka vinyago vya marehemu baba, nilitandika kitenge kizuri chenye maua ya bluu na hudhurungi, nikapanga vinyago 40 kwenye meza moja, vimebanana kama dagaa uanikoni. Watu walipita tu. Siku ya tatu mama muuza vyungu wa banda la jirani akaniambia, "Mwanangu, hebu nenda kasimame njiani, pale wanapopita wao." Nikaenda. Nilichokiona ni kitenge.

Mpingo ni mweusi. Ukiuweka juu ya rangi nzito unazama, kama unavyozama majini. Tangu siku ile natandika merikani, kitambaa cheupe kisicho na ua hata moja, na nyuma natundika mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Chukua kinyago cha ujamaa, wale watu waliobebana kuanzia bibi hadi kitukuu, kiweke mbele ya mkeka ule: kila pua utaiona, kila mkono. Hata ule weupe wa nje ya mti, ambao wachongaji wengine huuacha makusudi, unajitokeza. Mama zangu wa vikapu vyeupe, ninyi fanyeni kinyume. Kaniki nyeusi nyuma.

Halafu kimo. Meza iko kiunoni, na mpita njia hatazami kiunoni. Geuzeni kreti za soda, zipandisheni kama ngazi, zifunikeni. Kazi moja kubwa ikae usawa wa macho, na pembeni yake pabaki wazi. Najua mkono unawasha kupajaza. Msipajaze, mzigo mwingine ukae chini ya meza, kitambaa kishuke hadi ardhini kiufiche. Vitu vidogo, bangili na vijiko, viwe mbele kabisa mtu aguse. Mpingo lazima uguswe! Akiubeba atashangaa uzito, na hapo mazungumzo yameanza. Mwambie mti huu huu ndio unaotengenezewa klarineti huko Ulaya. Mwekee na kipande cha gogo ambalo halijachongwa, aone ulikoanzia.

Mwezi wa Agosti kusi linavuma, ninyi watu wa pwani sina haja ya kuwafundisha. Shoneni mawe kwenye pindo la kitambaa. Banda likitazama magharibi, tundikeni khanga alasiri, maana mpingo ukiachwa juani unapasuka, na ufa ule huharibu kazi.

Bei ziandikwe. Wageni wengi huona haya kuuliza, wakaondoka. Chenji iwepo, namba ya kulipia kwa simu iandikwe kubwa.

Linaloniuma zaidi ni muuzaji kukaa nyuma ya meza, kichwa kwenye simu. Baba, njoo na tezo na patasi, uchonge palepale. Mama, suka ukili wako ukiwa mbele ya banda. Mlio wa tezo huita watoto, na mtoto akisimama mzazi naye atasimama. Wengi hawajawahi kuona sura ikitoka kwenye gogo. Akiiona ikitoka, ile bei uliyoandika haimshangazi tena.

Sasa tutoke nje, meza iko chini ya mwembe na merikani ninayo. Kila mmoja aje na kazi tatu tu. Mzee wangu, wewe utasimama njiani, utuambie unaona nini.