Ndege Ilipita Wapi, na Juu Kiasi Gani?

Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya wanafunzi wa jiografia na wapenzi wa ramani

Wazazi wetu, wakubwa wetu, na ninyi vijana mlioziacha kazi za Jumamosi mkapanda mpaka hapa, jambo kwenu nyote.

Mwaka 2019, mwezi wa sita, nilipanda ndege ndogo ya injini mbili kutoka Goma kuja Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu. Nilikaa dirishani upande wa kulia, simu magotini, na ndani ya simu programu ya kuandika njia: kila sekunde nukta moja. Kwa dakika 25 ni nukta 1,500, na kila nukta ina vitu vinne, yaani longitudo, latitudo, kimo na saa.

Jioni, nyumbani Nguba, nikafungua Google Earth, programu ya kompyuta inayoonyesha dunia na milima yake, na kuiingiza faili ile. Mstari ukatokea, lakini ulikuwa umelala juu ya maji ya Ziwa Kivu kama njia ya mtumbwi. Ulipofika nchi kavu ukapanda na kushuka kila bonde mpaka uwanjani. Kwa mstari ule, ndege haikuruka hata mita moja. Nilisikitika kweli, nikidhani simu haikuandika kimo. Nikaifungua faili kama maandishi ya kawaida, nikakuta vimo vyote vimo: 3,180, 3,195, 3,200. Namba zilikuwa sawa. Programu ndiyo haikuambiwa izisome.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Kuweka njia ya ndege kwenye ramani yenye urefu, upana na kimo ni kazi ya dakika tano. Kujua unachokiona ni kazi nyingine. Na swali lake ni moja: mita 3,200 kutoka wapi?

Faili niliyoiingiza inaitwa KML. Herufi ile ya kwanza ni ya Keyhole, kampuni ya Marekani iliyotengeneza programu hii kabla Google haijainunua mwaka 2004. Mwaka uliofuata ikatolewa kwa jina la Google Earth, na tangu mwaka 2008 KML ni kanuni ya kimataifa, kwa hiyo programu nyingine za ramani nazo huisoma.

Ndani ya KML kuna neno dogo linaloamua jinsi kimo kitakavyosomwa. Usipoandika kitu, programu inaubandika mstari ardhini na kuzipuuza namba zako. Ndiyo ule mtumbwi wangu. Unaweza kuiambia ihesabu kimo kutoka ardhini, au ihesabu kutoka usawa wa bahari. Hapa wengi huteleza, maana maneno "kutoka ardhini" yanavutia. Ndege iko juu ya ardhi, sivyo? Lakini simu haijui ardhi iko wapi. Namba yake imeanzia baharini.

Tulipokuwa mkabala na kisiwa cha Idjwi, simu ilisema mita 3,200. Maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo kati yetu na maji kulikuwa na mita 1,740. Ukiiambia programu ihesabu kutoka ardhini, itachukua 1,460 na kuongeza 3,200, ikuchoree ndege kwenye mita 4,660. Tena ukifika mwisho wa safari utaona jambo la ajabu zaidi. Uwanja wa Kavumu uko kwenye mita 1,720 hivi. Ndege imetua, abiria wanashuka na mabegi yao, lakini kwenye kompyuta yako inaning'inia mita 1,720 juu ya uwanja. Wenzetu wanaoishi kando ya bahari wanaweza kufanya kosa hili miaka mingi wasilione, kwa sababu kwao ardhi na bahari viko karibu sawa. Sisi wa Kivu mlima unatusuta papo hapo.

Nikisema mlima, nasema kwa uzito. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege iliyokuwa ikija kutua Kavumu iligonga mlima karibu na mji wetu. Watu 17 waliokuwamo wote walikufa. Kilele cha Kahuzi, mita 3,308, kiko kama kilomita 16 tu kutoka uwanja ule. Ukitazama ramani ya karatasi, kilomita hizo 16 ni weupe mtupu kati ya alama mbili. Ukiinamisha picha kwenye programu, ukaangalia kutoka usawa wa uwanja kuelekea magharibi, unaona ukuta. Ndiyo maana naipenda kazi hii na nataka muijue vizuri, msiione kama mchezo wa picha.

Tuingie sasa kwenye chanzo cha pili cha njia za ndege, kwa sababu si wote watakaosafiri na simu. Ndege nyingi siku hizi zina redio inayotangaza mahali zilipo kwa masafa ya megahezi 1,090. Yeyote mwenye antena ndogo anaweza kuipokea, na mitandao kama Flightradar24, iliyoanzia Uswidi, hukusanya matangazo hayo na kukuruhusu kupakua njia kama faili ya KML. Lakini kimo kinachotangazwa humo kwa kawaida hakikutoka kwa setilaiti kama kile cha simu. Kimetoka kwenye mgandamizo wa hewa. Chombo kinapima hewa ilivyo nyepesi, kisha kinakisia kimo kana kwamba mgandamizo kwenye usawa wa bahari ni hektopaskali 1,013.25, na kana kwamba joto hupungua kwa kipimo kilekile kila mahali duniani.

Kwa kipimo hicho, kwenye mita 3,200 hewa ingekuwa nyuzi 6 hivi chini ya sifuri. Je, kuna mtu hapa aliyewahi kuona theluji imekaa juu ya Kahuzi? Hewa yetu ya juu ina joto kuliko kipimo hicho, na hewa yenye joto hutanuka. Kwa kila nyuzi 10 zinazozidi, kimo halisi huzidi kile cha chombo kwa kama sehemu 4 kwa 100. Kwa mita 3,200 hiyo ni zaidi ya mita 120. Kwa hiyo njia ya simu na njia ya redio za safari ileile zinaweza kutokea kama mistari miwili, mmoja juu ya mwenzake, na hakuna uliodanganya. Marubani wote wanatumia kipimo kilekile, ndiyo maana wanaweza kupishana salama. Anayekosea ni mtu wa ramani anayevichanganya vimo viwili bila kuuliza vimetoka wapi.

Na angalieni futi. Redio husema futi 10,500, ambazo ndizo mita 3,200. Ukiisoma namba hiyo kama mita, ndege yetu ndogo ya Goma imepita juu ya Everest.

Simu nayo ina jambo lake. Setilaiti huhesabu kimo kutoka kwenye umbo laini la dunia lililochorwa kwa hesabu, na umbo hilo halilingani na usawa wa bahari. Simu nyingine husahihisha, nyingine hazisahihishi. Huku kwetu tofauti hiyo hushusha namba, kwa hiyo mstari unaweza kuzama chini ya lami ya uwanja. Dawa ninayoitumia ni hii: washa programu ndege ikiwa bado imesimama. Zile nukta za kwanza, linganisha na kimo cha uwanja kinachojulikana. Tofauti utakayoipata, irekebishe kwenye mstari mzima. Ni hesabu ya darasa la nne, na imeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote.

Kuna kijana aliniletea faili ambayo ndani yake ndege ilipasua mlima na kutokea upande wa pili. Alikuwa ameamini kabisa kwamba milima ya programu ni ya uongo. Tukaangalia saa za nukta zake. Simu ilikuwa imeandika nukta moja kila sekunde 30, ili kuokoa betri. Ndege ya kilomita 300 kwa saa husafiri mita 83 kila sekunde, kwa hiyo kati ya nukta na nukta kulikuwa na kilomita mbili na nusu. Rubani alikuwa ameuzunguka mlima. Programu, isiyojua hilo, iliunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu. Yaani unapoona mstari, kumbuka kwamba kilichopimwa ni nukta. Katikati ni kukisia.

Na ile milima yenyewe? Ramani nyingi za miinuko zinategemea kazi ya chombo cha anga za juu Endeavour, kilichoizunguka dunia kwa siku 11 mwezi wa pili mwaka 2000, kikipima kwa rada. Ni kazi kubwa. Ila volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma, ililipuka tarehe 17 Januari 2002, na ndani ya kreta, lile shimo la kileleni, sakafu iliporomoka. Ukikuta ramani inayotumia vipimo vile bila marekebisho, unatazama kreta ya kabla ya mlipuko. Kwenye miteremko mikali rada pia iliacha mapengo yaliyojazwa baadaye kwa makadirio. Njia inayopita karibu na mlima kwa mita chache msiitolee hukumu kwa picha hiyo peke yake.

Jambo moja la haraka: KML huanza na longitudo, kisha latitudo. Kavumu ni 28.81, halafu -2.31. Ukizigeuza, ndege yako itatua jangwani Algeria.

Mama mmoja amenyoosha mkono, anauliza kama simu haitaisumbua ndege. Swali zuri, mama. Kupokea setilaiti hakuhitaji simu kutangaza chochote. Inasikiliza tu, kama redio yako ya nyumbani. Kwa hiyo iwekeni katika hali ya ndegeni, halafu hakikisheni kipokezi cha setilaiti kimebaki wazi, maana kuna simu zinazokizima pia. Mhudumu akisema zimeni kabisa, mnazima. Na kaeni dirishani. Katikati ya ndege bati linaziba mbingu, na simu inaweza kupoteza setilaiti zake pale pale mnapopita kando ya mlima.