"Shade into": si kivuli, wala si kusiliba

Nianze na kosa ambalo nimeshalisema hadi sauti inakauka. Mwanafunzi anakutana na sentensi hii: "Confidence shades into arrogance." Anajua "shade" ni kivuli, basi anaandika: "Kujiamini hutia kivuli kwenye kiburi." Jamani! Mwingine, aliyezoea mitihani ya kuchagua majibu, anafikiria kusiliba. Kusiliba ni "shade in", kujaza kijiduara kwa penseli. Hapa tuna "into". Herufi mbili tu zimeongezeka, na maana imehama nyumba.

"Shade" ya hapa ni ya mchoraji: rangi inayokolea au kufifia kidogo kidogo. Tazama anga la magharibi jua likishazama. Chini kuna rangi ya chungwa, juu kuna buluu. Haya, nionyesheni kwa kidole pale chungwa linapokoma. Hamna. Hapo ndipo Mwingereza anaposema "orange shades into blue". Kwa hiyo ile sentensi yetu ni hivi: kujiamini kukizidi huwa kiburi, na wala hujui ulivukia wapi.

Najua kuna anayesema moyoni, si niandike "becomes" nimalize? Andika, lakini umemnyima msomaji ule mpaka usioonekana, na ndio uliokuwa habari yenyewe. Jiulize: lini hasa? Wapi hasa? Ukiwa na jibu, achana na "shade into". "On Monday the dry season shaded into the rains" haikubaliki. Ukishataja Jumatatu umeshachora mstari. Futa Jumatatu, sentensi inapona. Na ile "gradually" mnayopenda kuibandika haikatazwi, ila ni kutia chumvi baharini.

Vitu vikiwa vingi, sema "shade into one another". Panda na pwani kutoka Tanga hadi Mombasa: Kimtang'ata, Kivumba, Chifundi, Kimvita. Kila kijiji kinaelewana na jirani yake, lakini nani atasimika bango kwamba lahaja hii imeishia hapa? "The dialects shade into one another." Basi.

Sarufi sasa, haraka haraka. Kwa maana hii hakuna kauli ya kutendwa, kwa hiyo msiniletee "was shaded into". Msiseme "shades to". Kinachotangulia ndicho unachoanzia: "caution shades into cowardice" ni tahadhari inayoelekea kwenye woga; ukigeuza, umesema jambo jingine kabisa. Nalo ni neno la maandishi zaidi kuliko la sokoni.

Nilitaka kugusa "merge into" ya magari barabarani na "blend in" ya kinyonga, lakini naona naonyeshwa saa. La mwisho ni "fade into", ambalo mnalichanganya na hili: kule kitu hufifia hadi kikapotea machoni, kama jahazi ndani ya ukungu. Kwenye "shade into" hakipotei kitu. Chungwa lipo, buluu ipo.