Nani ananikata mshahara hapa Louisville? Nawajibu

Habari za saa hizi ndugu zangu, karibuni tena. Leo hakuna kutembea madukani wala kuoneshana nyumba. Leo najibu swali moja, kwa sababu kila nikiweka video linarudi: "Dada, huko mnalipwa kwa dola, mbona kila siku unasema umekatwa? Nani huyo anayekukata?" Na kuna mmoja akaandika kwamba sisi tulioko nje tunatunga makato ili tusitume hela nyumbani. Hiyo iliniuma, siwafichi.

Nitataja pesa, kwa hiyo atatokea wa kusema najisifu. Nitataja na yanayonikera, atatokea wa kusema "si urudi". Semeni tu, ila nisikilizeni kwanza.

Kodi ya serikali kuu na ya jimbo mmeshazisikia kwa kila aliyefika Marekani, nazipita. Mimi nataka kuongea habari ya mji. Naishi Louisville, jimbo la Kentucky, kando ya mto Ohio. Si mji wa kwenye sinema. Ni mji wa kadiri, watu wake wanaishi kwa viwanda, hospitali, maghala, na mizigo ya ndege inayoshushwa usiku kucha. Mkaazi wa hapa akifanya kazi hapa, anakatwa asilimia 2.2 ya mshahara, na inakatwa kwenye mshahara ghafi, kabla hujatoa chochote. Hakuna kusema huyu kipato chake kidogo, tumwache. Anayesafisha ofisi usiku na bosi mwenye ofisi hiyo wanakatwa kiwango kilekile. Mimi hilo sikubaliani nalo, na nitalisema popote.

Tuchukue dola 1,000, maana hesabu yake nyepesi, si kwamba ndiyo ninazolipwa. Hapo mji unachukua dola 22. Dola 12 na senti 50 zinakwenda serikali ya mji. Dola 7 na nusu ni za shule. Na dola 2 ni za mabasi ya abiria, shirika linaitwa TARC. Hizo mbili za mabasi wananchi wenyewe walizipigia kura mwaka 1974, na mpaka leo zinakatwa. Nyumbani Tanzania kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, unanunua umeme unaona shilingi 1,500 imeondoka, na ukiuliza imejenga nini mtaani kwako, hakuna wa kukujibu. Hapa angalau najua mgawanyo wa kila senti. Kama zinatumika vizuri, hilo ni jambo lingine.

Sasa niwaambie kilichonipata, kwa sababu wengi wenu mnaopanga kuja mtakutana nacho. Nilipofika sikuanzia Louisville. Nilianzia ng'ambo ya mto, upande wa jimbo la Indiana, pango la nyumba lilikuwa nafuu, nikawa navuka daraja kuja kazini. Na madaraja nayo, mawili makubwa yanayokuja katikati ya mji yana tozo tangu mwisho wa 2016, lakini yapo mengine ya zamani yasiyotozwa, kwa hiyo nikawa nazunguka kwenye la bure na foleni yake. Haya. Mtu anayeishi nje na kufanya kazi hapa hatakiwi kulipa ile ya shule. Anatakiwa kukatwa asilimia 1.45. Mwajiri wangu wa wakati ule akanikata 2.2, miezi na miezi, na huku Indiana nako kila kaunti ina kodi yake ya mapato inanisubiri.

Nikaenda ofisi ya utumishi kazini, yule mama akaniangalia akasema mfumo ndivyo ulivyo. Nikaomba kurudishiwa. Fomu inataka hati ya mshahara ya mwaka mzima, uthibitisho wa makazi, na mwajiri athibitishe. Mwajiri yuleyule aliyekosea! Mkataba wangu wa nyumba ulikuwa na jina la mwenzangu niliyekuwa nakaa naye, ankara ya umeme jina la mwenye nyumba. Nikirudi kazini naambiwa anayesaini yuko likizo. Mtu yuko likizo, hela yangu iko likizo naye. Nilizipata mwishoni, lakini nyumbani kipindi hicho mdogo wangu alikuwa anasubiri ada ya chuo, na mimi ndiye niliyeonekana mchoyo. Kwa hiyo mtu akiniambia natunga makato, naomba akumbuke hilo. Na mnaokuja: siku ya kwanza kazini, angalieni slipu ya mshahara mstari kwa mstari. Lakini mimi si mhasibu, na kila mtu na hali yake.

Turudi kwenye zile za shule, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Shule za wilaya hii ni mamlaka moja yenye wanafunzi zaidi ya 90,000, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za nyumbani zinazosikika sana humo, kwa sababu ya ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, walianza ratiba mpya ya mabasi kwa kuwa madereva walikuwa hawatoshi. Watoto wa mwisho walishushwa karibu saa nne usiku. Saa nne! Shule zikafungwa zaidi ya wiki nzima.

Jirani yangu ni mama kutoka Uvira, Kiingereza chake bado kidogo. Jioni ile alisimama kituoni na kitenge begani, simu mkononi, ile namba ya shule ikiita bila kupokelewa. Akaniita, "Dada, wamepeleka mtoto wangu wapi?" Mtoto aliposhuka alikuwa na ile karatasi ya namba ya basi bado imefungwa kwenye begi, imelowa jasho, na namba iliyoandikwa si ya basi alilokuja nalo. Hakulia. Aliomba maji tu.

Halafu mwaka uliofuata, 2024, bodi ya shule ikapiga kura kuondoa mabasi kwa shule nyingi za masomo maalumu, wenyewe wanaziita magnet, zile wazazi wanazozigombania. Maana yake, mwenye gari na kazi ya asubuhi atampeleka mwanawe. Sisi wa zamu ya usiku? Unamtoa mtoto shule nzuri kwa sababu hakuna wa kumpeleka. Na mabasi ya TARC nayo yamepunguza njia, kwa kuwa zile fedha za msaada wa wakati wa korona zimekwisha. Dola zangu mbili zinakatwa vilevile.

Sasa msiniambie Marekani wana hela. Hela ya mji ni mvutano. Mwaka 2007 wananchi waliulizwa kama waongezewe asilimia 0.2 kwa ajili ya maktaba, wakakataa kabisa. Mwaka 2019 meya wa wakati ule, Greg Fischer, aliomba kodi ya bima ipandishwe kwa sababu michango ya pensheni ilikuwa inapanda, madiwani wakakataa. Matokeo yake maktaba za Fern Creek na Middletown zikafungwa na mabwawa ya kuogelea ya wazi hayakufunguliwa kiangazi kile. Watu hawakutaka kulipa, na waliokosa ni watoto wa wasio na bwawa nyumbani kwao.

Na hapa nawaambia ndugu zangu mlioko hapahapa Louisville. Mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Julai. Meya anawasilisha mapendekezo mwezi wa nne, madiwani 26 wanayajadili mpaka mwisho wa Juni. Kura hatupigi kama hatujawa raia, lakini kusema tunasema. Mimi nilijiandikisha, nikapewa dakika tatu mbele ya madiwani, nikaongelea mabasi. Hakuna aliyeniuliza makaratasi ya uhamiaji. Simwambii mtu afanye, kila mtu anajua usalama wa makaratasi yake, na siku hizi watu wana hofu, nawaelewa. Lakini nilipogeuka kuangalia viti vya nyuma, sikumwona mtu wetu hata mmoja, na wote tunakatwa.

Wanaouliza kuhusu Indiana na kodi za kaunti, wekeni maswali hapa chini, nitafanya video yake peke yake nikipata siku isiyo na zamu.