Daftari Kwanza, Mabango Baadaye

Haya jamani, asanteni, kaeni. Waliosimama kule nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo. Nimepewa saa moja ila sitaimaliza yote kwa kuongea, maana mwishoni nataka tufanye kazi kidogo. Nimeombwa niongelee namna watu wa kawaida wanavyojipanga kudai haki ya mazingira, na najua wengi mmekuja mkitegemea nianze na maandamano, mabango, vipaza sauti, watu kukamatwa. Hayo nitayafikia. Ila kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii kuna kitu kimoja kimenikaa kichwani hakitoki, kwamba vita hivi mtu anashindia kwenye daftari au anashindwa kwenye daftari, mapema kabisa, kabla hata bango moja halijaandikwa.

Niwape habari ya mama mmoja, Lois Gibbs, Marekani, mji wa Niagara Falls, mwaka 1978. Alikuwa mama wa nyumbani tu, hajawahi kuongoza hata kikundi. Mtoto wake ameanza shule, akaanza kupata kifafa, mama akasoma gazeti la pale mjini akakuta ile shule imekaa juu ya mfereji wa zamani, Love Canal, ambao kampuni ya kemikali iliufanya jalala lake, tani zaidi ya 20,000 za sumu, alafu mwaka 1953 ikafukia na kuiuzia bodi ya shule ile ardhi kwa dola 1. Dola moja! Akaenda kuomba mtoto ahamishwe shule, wakamkatalia. Sasa akaandika karatasi ya kukusanya sahihi akatoka kwenda kubisha hodi kwa majirani. Nyumba ya kwanza akagonga mlango, kimya, hakuna aliyefungua, akarudi mbio nyumbani, na mwenyewe anasema aliogopa. Sehemu hiyo naipenda sana kuwasimulia watu kwa sababu kila mtu aliyewahi kufanya kazi hii anaujua ule mlango wa kwanza, unaomba Mungu wasiwepo.

Kesho yake akarudi. Akazunguka nyumba kwa nyumba, na kila alipofika watu wakaanza kufunguka, huyu mimba zimeharibika, yule mtoto kazaliwa na kasoro, mwingine chini ya nyumba pananuka na maji meusi yanachuruzika ukutani. Kila mmoja alikuwa anadhani ni mkosi wa kwake peke yake. Hapo ndo nawaomba msikie vizuri, kazi ya kwanza ya kuandaa watu ni kuutoa ule mkosi wa mtu mmoja mmoja uwe jambo la mtaa mzima, na haiwezekani bila mtu kukaa, kusikiliza, na kuandika.

Serikali ya jimbo ikawahamisha waliokaa karibu kabisa na mfereji, familia 239, ikapiga uzio, ikawaambia walio nje ya uzio kwamba nyie mko salama. Lois akachukua ramani ya mtaa akaanza kuweka alama kila nyumba yenye mgonjwa. Akategemea alama zipungue kadri unavyoenda mbali na mfereji, kumbe hapana, zimejipanga kama mistari inayokata mtaa. Wazee waliokaa pale siku nyingi ndo wakasema, hapo palikuwa na vijito zamani, vikafukiwa wakati wa kujenga. Yaani sumu inafuata njia ya maji ya zamani! Mwanasayansi mmoja, Beverly Paigen, akamsaidia kuipanga ile kazi vizuri, lakini simu za kuwauliza majirani zilipigwa na akina mama wenyewe jikoni kwao, na ile siri ya vijito ilitoka kwenye kumbukumbu za wazee, haikutoka maabara. Wakubwa wakaidharau, wakasema hiyo ni data ya akina mama wa nyumbani, haina kazi. Miaka miwili baadaye, 1980, rais akatangaza hali ya dharura kwa mara ya pili na familia zilizobaki zikapewa nafasi ya kuhama, na mwisho wa mwaka huohuo Marekani ikapata sheria ya kusafisha majalala ya sumu inayoitwa Superfund.

Sasa nisiwaachie picha iliyopakwa rangi. Pale Love Canal kulikuwa na nyumba za serikali za kupangisha, wengi waliokaa humo ni watu weusi na kipato chao kidogo, na chama cha wenye nyumba alichokiongoza Lois hakikuwabeba sawasawa kwa sababu madai makubwa yalikuwa nyumba zinunuliwe, na mpangaji hana nyumba ya kuuza. Ikabidi wapangaji waunde umoja wao. Kwahiyo mkianza kugonga milango jiulizeni mlango gani mnaupita, mpangaji, anayelala kwenye kibanda, aliyehamia juzi, anayeongea lugha nyingine, kwa sababu mara nyingi huyohuyo ndo amekaa karibu zaidi na bomba linalovuja.

Na hili swali la nani anakaa karibu na uchafu lina historia yake. Mwaka 1982 hukohuko Marekani, Warren County, jimbo la North Carolina, serikali ya jimbo iliamua kuzika udongo wenye sumu ya PCB kwenye eneo la watu weusi maskini. Watu wakalala barabarani mbele ya malori, wiki kadhaa, wakakamatwa zaidi ya 500. Na wakashindwa, jamani, udongo ulizikwa. Lakini kule kukataa kwao kukawafanya wengine waanze kuhesabu, mwaka 1987 tume ya kanisa moja ikatoa ripoti ya nchi nzima ikionyesha kwamba rangi ya watu inakuonyesha mahali jalala la sumu lilipo kuliko hata kipato chao. Mwaka 1994 likaja agizo la rais kuhusu haki ya mazingira. Mnaona tena, ni kuhesabu, ni daftari, safari hii kubwa tu.

Ngoja niseme la kwangu. Miaka ya mwanzo niliitisha mkutano mahali fulani, mto umebadilika rangi, samaki wamekufa, mimi nimekuja na maelezo marefu, projekta, picha, nimejiandaa kweli. Nikaongea karibu saa nzima. Nilipomaliza akasimama bibi mmoja, hakupandisha sauti, akasema, mwanangu, hayo unayotuambia sisi tulishayasema, walikuja wengine kabla yako, tukawaeleza mpaka tarehe, wakaandika, wakaondoka na karatasi, sasa tunaomba utuambie, karatasi zetu ziko wapi? Sikuwa na jibu. Ukumbi wote umenyamaza wananiangalia. Nilikaa chini, nikamwomba aanze yeye kueleza tangu siku ya kwanza maji yalipobadilika, na binti mmoja wa shule akaandika, na lile daftari nilipoondoka lilibaki kwa yule binti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekuja kuwasomea habari za kunguni watu wanaoumwa nao kila usiku.

Tangu siku ile masharti yangu ni machache tu. Daftari linabaki kwa watu wa pale. Nakala ziwe tatu na zikae nyumba tatu tofauti, kila jioni kurasa zinapigwa picha kwa simu na kutumwa mahali salama, kwa sababu madaftari yanaungua, yananyeshewa, na kuna wakati yanaibiwa kwa makusudi. Alafu namna ya kuandika. Msiandike "watu wengi wanaumwa", hiyo ofisini haina nguvu. Andikeni tarehe, saa, upepo ulikuwa unatoka wapi, harufu ilikuwa ya nini, mayai yaliyooza au plastiki iliyoungua, nani aliona, alijisikiaje, alienda kituo gani cha afya, aliambiwa nini. Mkichota maji chupa iwe safi, iandikwe pale pale mlipochotea, na awepo shahidi wa pili. Majina ya watoto na ya wagonjwa yakae kwenye ukurasa wa peke yake usiotoka nje, huko nje ziende namba tu, na mtu asiandikwe kabla hajaelewa habari zake zitafika wapi. Akikataa, basi, kesho utapita umsalimie hivyohivyo.

Kuna wanaoniambia hii kazi ni ya taratibu sana, watu wanakufa wewe unatuambia tuandike. Naelewa hasira hiyo na ni ya haki. Ila angalieni Owino Uhuru, Mombasa. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichokuwa ukuta kwa ukuta na mtaa wa watu, mtoto wake mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha madini ya risasi kwenye damu, amenyonya kwa mama yake. Angeweza kuchukua mwanawe akaondoka. Akabaki, watoto wengine wa mtaa wakapimwa nao wakakutwa nayo. Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ikafunguliwa 2016, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wananchi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, 2023 mahakama ya rufaa ikayaondoa malipo hayo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Hasira ya siku moja haifiki huko. Kilichofika huko ni vipimo vya damu, majina, tarehe, na watu waliokubali kurudi mahakamani tena na tena na wengine wameshazika ndugu zao katikati.

Na sheria inasaidia pale tu penye mtu wa kuishika. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 42 inakupa haki ya mazingira safi, na Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kwamba mazingira safi ni haki ya binadamu, nchi 161 zikakubali, hakuna iliyopinga, 8 zikajizuia. Vizuri. Lakini ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu kibali chake kilifutwa Juni 2019 na baraza la rufaa za mazingira kwa sababu watu wa Lamu walisimama wakaonyesha kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na kusema "hatukushirikishwa" unatakiwa uwe na ushahidi, mkutano gani ulifanyika lini, nani aliitwa, aliambiwa nini na hakuambiwa nini. Mnaokwenda kwenye vikao vya ushirikishwaji msisaini karatasi ya mahudhurio bila kusoma kichwa chake, nawaomba sana, kuna mahali sahihi za mahudhurio zimekuja kugeuzwa kuwa sahihi za kukubali.

Kuna mfano mwingine unanipa nguvu kila nikiufikiria. India, milima ya Niyamgiri, watu wa Dongria Kondh, kampuni ya madini inataka kuchimba mlima wanaouabudu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya nchi ikasema vijiji vyenyewe viulizwe. Vikao 12 vikafanyika, kijiji kwa kijiji, vyote 12 vikakataa. Vyote! Fikiria kampuni yenye pesa zake imeshindwa kupata hata kijiji kimoja. Hilo huwezi kulijenga wiki moja kabla ya kura, ni miaka ya watu kukaa pamoja na kuaminiana.

La mwisho kabla hatujashika kalamu ni kuhusu viongozi, na hapa naongea kwa uzito. Mwaka 2015 Phyllis Omido alipata tuzo ya mazingira ya Goldman, na mwaka huohuo aliipata pia Berta Cáceres wa Honduras, aliyekuwa anaongoza watu wa Lenca kuzuia bwawa kwenye mto wao. Machi 2016 walimfuata nyumbani kwake usiku wakamuua. Umoja wake ulikuwepo tangu 1993, una watu, una mizizi, haukufa naye, wafadhili wa lile bwawa wakajitoa. Inaniuma kila nikimtaja. Kwahiyo mnaponiambia "sisi tuna mwenyekiti wetu shupavu" huwa nauliza, akilala hospitali mwezi mmoja nani anajua ufunguo wa kabati uko wapi, nani ana namba ya mwanasheria, nani anaweza kusimama kuongea? Msimpeleke mtu mmoja ofisini peke yake, nendeni wanne. Anayeongea leo kesho anaandika. Akina mama wanaojaza viti kila mkutano wapewe mhuri na daftari la pesa, maana mara nyingi wanaachiwa kupanga viti tu. Na pesa za mfadhili zikija muwe mmeshakubaliana zikiisha mtaendeleaje, nimeona vuguvugu zuri likizimika mwezi ule ule posho ilipokata, na uchafu bado unamwagwa pale pale.

Haya, naona saa imesonga. Geukeni kwa jirani yako, usimchague unayemjua. Mmoja anaongea mwingine anaandika, dakika kumi, alafu mnabadilishana. Swali ni moja, ni lini mara ya kwanza ulihisi mahali unapoishi kuna kitu hakiko sawa, na ulikiona, ulikinusa au ulikisikia wapi. Anayeandika asirekebishe maneno ya mwenzake. Mkimaliza msomee alichosema, akisema "sikusema hivyo" ufute uandike tena. Kalamu ziko kwenye boksi pale mlangoni, na karatasi zote mnaondoka nazo nyie.