Dira na Chuma: Kuelekeza Mtambo wa Kuchoronga

Ndugu zangu, mtambo wa kuchoronga ni tani nyingi za chuma, na sindano ya dira hugeukia jumla ya sumaku zote zinazoifikia. Ukisoma dira ukiwa umeegemea mtambo, unausoma mtambo. Chukueni shimo la mita 200 lililoinama nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi: likikosewa uelekeo kwa nyuzi 5, mwisho wake unahama karibu mita 9 pembeni. Sampuli za mwamba zitachorwa kwenye ramani mahali ambapo hazikutoka.

Kwa hiyo dira imalize kazi yake kabla mtambo haujafika, gari nalo likiwa mita 20 au zaidi. Kwanza badili nyuzi za uelekeo zilizopimwa kutoka kaskazini ya ramani ziwe za kaskazini ya sumaku, ile inayoonyeshwa na sindano. Simama penye alama ya shimo, lenga, mwenzako apigilie kigingi mita 30 mbele. Kisha kingine mita 30 nyuma. Vigingi viwe vya mti, msitumie vipande vya nondo. Alama ya katikati itasagwa na mtambo, lakini hivi viwili vitabaki, na dereva ataulinganisha mtambo na kamba inayoviunganisha. Kigingi kikikosewa sentimita 5, ni sehemu moja ya kumi tu ya nyuzi. Dira ya mkononi haifikii usahihi huo.

Sasa hakikisheni. Soma kutoka kigingi cha nyuma kwenda cha mbele, halafu urudi kinyume. Ukipata nyuzi 045 na 225, yaani tofauti ya 180, vizuri. Ukipata 045 na 229, mahali pamoja au pote pawili pana mvuto. Geita jambo hili si geni, maana dhahabu nyingi iko kwenye miamba ya chuma yenye magnetaiti, madini yenye sumaku. Hapo wekeni dira mfukoni, wapimaji wawape nukta mbili kwa koodineti.

Chuma ulichovaa ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kinageuka pamoja nawe, kosa linabadilika kwa kila uelekeo, na mara nyingine tofauti ya nyuzi 180 inatimia vilevile. Simu ya mfuko wa kifuani ndiyo mbaya kuliko vyote: spika yake ina sumaku, na dira unaishika hapo hapo. Weka dira juu ya gogo, sindano itulie, sogeza kila kifaa polepole kutoka mashariki au magharibi: nyundo, redio, bizimu ya mkanda. Ukikileta kwenye mstari wa kaskazini na kusini, sindano yaweza isitikisike ingawa inavutwa.

Mwinamo wa shimo pimeni kwa klinomita juu ya bomba lenyewe la kuchoronga. Hiyo hutegemea mvutano wa dunia, chuma hakiisumbui. Ila kamera ya sumaku inayoshushwa shimoni kupima uelekeo na mwinamo lazima ichomoze kupita mabomba ya chuma hadi kwenye shimo tupu, la sivyo mwinamo utakuwa sahihi na uelekeo wa uongo.