Ekstensheni ya Sebuleni Haiendeshi Karakana

Ndugu zangu maseremala, shikamooni wazee, na vijana habari zenu. Wengine hapa mmeshanisikia nikiyasema haya, na naona wawili watatu kule nyuma wameanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Chekeni tu. Mkirudi nyumbani mkakuta ile ekstensheni bado inatoka sebuleni, inapita chini ya mlango, inavuka ua na kuingia kwenye banda la mashine, nitaalikwa tena na nitayasema yale yale.

Umeme ni nini, sielezi. Nataka tuzungumze kuhusu nukta ile unapobonyeza swichi ya mashine, kisha vumbi la bandani, basi.

Mota ya HP 2, ikishakolea mwendo, inakula ampia kama 10. Lakini inapoanza, ikiwa bado imesimama, inataka kuvuta mara tano, sita, hata saba ya hapo. Yaani ampia 50 na kuendelea, kwa muda mfupi. Wengi wenu mnajua hilo kwa macho: ukiwasha randa, taa ya jikoni inafifia, na mama watoto anapiga kelele. Mnaona ni kawaida. Mimi naiona ile taa inatoa taarifa.

Kuna seremala mmoja, yuko upande wa Mbezi, simtaji. Alinunua mashine ya randa ya mtumba, nzuri, chuma kizito. Akiiwasha inaguna tu, haizunguki, mpaka asukume mkanda kwa kipande cha ubao ndipo inyanyuke. Hebu fikiria, kusukuma mkanda wa mashine yenye visu! Akabadilisha kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza. Akabadilisha tena. Akaambiwa mota imeungua, akaipeleka kusukwa upya, akalipa. Ikarudi, inaguna vile vile. Ndipo akaniita, amekasirika, anasema umeme wa mtaani kwao ni mdogo.

Nikapima soketi ya sebuleni: volti 226. Nikatoka uani, nikapima mwisho wa ekstensheni: 226 hizo hizo. Akafurahi. "Umeona fundi? Waya hauna tatizo." Nikamwambia, washa mashine. Akawasha, ikaguna, na mita ikashuka hadi 172. Kijana wake aliyekuwa sebuleni na mita ya pili akapaza sauti: 221.

Sasa hesabu ni yenu. Sebuleni zipo 221, kwenye banda zimefika 172. Volti 49 zimeishia njiani, ndani ya waya ule wa mita 30, mwembamba wa milimita moja ya mraba. Na alipopima mwenyewe siku zote alikuta umeme uko sawa, kwa sababu alipima mashine ikiwa imezimwa. Waya ambao haupitishi mzigo haupotezi kitu. Pima mashine inapoanza.

Na ubaya haukui kwa kadiri ya volti tu. Nguvu ya mota kuanza inafuata volti kwa kipeo cha pili. Volti zikibaki robo tatu, nguvu inabaki zaidi kidogo tu ya nusu. Mota inashindwa kunyanyuka, inakaa pale pale kwenye ule mvuto mkubwa wa kuanzia, inachemka, kapasita inakufa. Kile kilichokuwa kinaunguza mota yake kilikuwa kimezungushwa vizuri chini ya meza na kufunikwa gunia. Tulipolifunua gunia, ile mizunguko ya waya iliyobaki ilikuwa imegandana, plastiki imeyeyuka, huwezi kutenganisha mmoja na mwenzake. Ekstensheni iliyozungushwa haina pa kutolea joto. Hata zile za gurudumu, soma kibandiko chake: ikiwa imekunjwa, mzigo inaoruhusiwa kubeba ni mdogo sana kuliko ikiwa imenyooshwa yote.

Najua mtakachoniuliza. "Mbona breka haikuruka?" Breka ya soketi za nyumba mara nyingi ni ya ampia 32. Iliwekwa kulinda waya ulio ukutani. Haijui kwamba wewe umeongezea waya mwembamba wa dukani. Kwenye plagi kulikuwa na fyuzi ya 13, ndiyo, lakini wangapi hapa fyuzi ikikatika mnaweka kipande cha waya? Msinyanyue mikono.

"Basi niweke stabilaiza, ile mashine ya kusawazisha volti." Utaiweka wapi? Ukiiweka sebuleni, pale volti zipo za kutosha, itakaa kimya. Ukiiweka kwenye banda, itavuta ampia nyingi zaidi kupitia waya ule ule mwembamba. Hela ya stabilaiza nunua waya.

Waya upi? Kwa urefu ule ule wa mita 30, ukitumia wa milimita 2.5 za mraba upotevu unashuka kama nusu. Ukitumia wa 4, unapoteza kama volti 15 mota inapoanza, na randa inanyanyuka bila kusukumwa. Na ukate sampuli, uparuze kwa kisu. Siku hizi unauziwa waya unaong'aa rangi ya shaba, ukiuparuza ndani ni mweupe, aluminiamu iliyopakwa. Waya wako utoke kwenye meini swichi na breka yake peke yake, upite kwenye bomba, uishie kwenye boksi dogo la breka bandani. Erthi iende pamoja nao, na uweke ile breka inayohisi umeme ukivuja, ya miliampia 30, kwa sababu bandani mnasimama pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Shemeji aliyewahi kufunga taa za harusi hahusiki.

Kabla sijaacha umeme, hili la LUKU. Uko kwenye msumeno wa meza, unachana mkongo. Yuniti zinaisha. Msumeno unasimama. Unatoka kwenda dukani, swichi umeiacha vile vile, kwa sababu nani anakumbuka kuzima kitu kilichokwisha kuzimika? Ndani ya nyumba binti anapokea tokeni kwenye simu, anaziingiza, anafurahi televisheni imerudi. Na uani msumeno umeamka. Mtoto mdogo yuko pale anaokota maranda.

Hilo haliwezi kuzuiwa na swichi ya ukutani ya taa, ile ya kupandisha na kushusha. Mashine inataka stata yenye kontakta, kitufe cha kijani na chekundu. Umeme ukikatika kontakta inaachia, ukirudi haishiki mpaka mtu abonyeze kijani. Na ndani yake kuna kinga ya mzigo uliozidi. Iseti kwa ampia zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Mnaoona stata ni ghali, mmeshalipia ngapi kusuka mota?

Muda unakwenda, na vumbi sijaligusa.

Watu wananiambia, "Babu yangu alikuwa seremala, kafa na miaka tisini, hakuvaa barakoa." Nakubali. Babu yako alitumia randa ya mkono. Randa ya mkono inatoa maranda, unayafagia, unawashia jiko. Wewe unatumia mashine ya msasa, na unakata MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Hiyo inatoa unga, na ule unaouona kwenye mwanga wa dirisha si wenye hatari kubwa. Mbaya ni ule usioonekana, unaobaki hewani kwa saa nyingi baada ya wewe kuzima mashine na kuvua barakoa ili unywe chai hapo hapo.

Huko Uingereza, mji wa High Wycombe uliishi kwa kutengeneza viti. Katika miaka ya 1960 madaktari wa pua na koo wakaona saratani ya ndani ya pua, ugonjwa wa nadra, inawapata watengeneza samani wa eneo lile kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likachapisha uamuzi wake: vumbi la mbao linasababisha saratani kwa binadamu, kundi la kwanza. Huko Uingereza kikomo cha vumbi la mbao ngumu kazini ni miligramu 3 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Na mbao zetu ni ngumu. Mvule unajulikana kuleta pumu na mwasho wa ngozi. Mpingo, mwenye kuukereza anaujua mwenyewe anavyopiga chafya.

Kwa hiyo vuta vumbi pale linapozaliwa, kwenye kisu, kabla halijaruka. Bomba la mashine kubwa liwe la inchi 4 na lisipunguzwe njiani. Ukilishusha hadi inchi 2 ni sawa na kunywa uji kwa mrija wa soda. Maranda yatafika, ila hewa itakuwa ndogo na unga utakukwepa. Mfuko wa kitambaa chepesi unashika maranda na kukurudishia unga puani. Mashine ya kufyonza ikiweza kukaa nje ya banda, ikae nje. Na acheni kupuliza vumbi kwa kompresa! Unalitoa sakafuni, ambako lilikuwa limetulia, unalipeleka kwenye mapafu, kwenye soketi na ndani ya mota, kisha mota ikichemka mnarudi kwangu na habari za kapasita.

Feni. Pangaboi haitoi vumbi, inalizungusha. Zima. Weka feni dirishani ikitazama nje, na upande wa pili uache pa kuingilia hewa. Lakini msishindane na upepo: dirisha la kusini kipindi cha kusi litakurudishia kila kitu usoni, tumia la kaskazini; kaskazi ikivuma, geuza. Na mwangalieni jirani kaanika nguo wapi, kesi za vumbi nimezisikia hadi kwa mjumbe.

Mwenyekiti ananinyooshea saa. Haraka basi. Rangi na thina: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, kwa hiyo tundu la juu peke yake halisaidii, na usipulize rangi huku feni ya kawaida inauvuta mvuke huo kupitia kwenye mota yake, cheche moja inatosha. Pulizia nje. Matambara yenye mafuta ya linsidi yaanikwe yamekunjuliwa, msiyafinyange kwenye kona, yanawaka yenyewe. Taa za tyubu za zamani zinapepesa, msumeno unaweza kuonekana umesimama kumbe unazunguka. Wekeni balbu nzuri juu ya meza.

Ya fezi tatu nilikuwa nimeyaandika, sitayafikia. Mwenye mota ya fezi tatu anikute nje, na aje na picha ya kibao chake.